Vibaba vya Mwalimu Mnana

Kwaru, kwaru, kwaru. Kitu kilikuwa kinatafunwa nyuma ya mlango wa Masijala. Mwalimu Mnana, aliyekuwa akingoja nje tangu alfajiri, alijua ni nini kinacholiwa kabla hajamwona mlaji.

Katika Unyoya, himaya ya ndege, sheria ilikuwa tamu kusomwa: kila mwalimu akitimiza miaka kumi kazini, posho yake ya mtama huongezwa kibaba kimoja. Ushahidi wa utumishi ulikuwa jani lenye muhuri, ambalo mwalimu alilipeleka Masijala kila mwaka. Mtunza majani alikuwa Mchwa. Fisi alikabidhiwa bucha, na waliomkabidhi walijua anachokula.

Mnana alikuwa amewafundisha makinda kusuka viota na kuhesabu kwa miaka thelathini. Posho yake ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, kibaba kimoja, na mwezi mmoja tu ulibaki astaafu. Anayestaafu na kibaba kimoja hula kibaba kimoja hadi kaburini.

Akauacha mlango ule, akaenda moja kwa moja barazani kwa Mfalme Tausi. Mchwa akaitwa. Alikuja akiburuta tumbo, akaapa kwamba halijamfikia hata jani moja la Mwalimu.

Mnana akamgeukia Korongo, Waziri wa Hazina. "Mheshimiwa, wewe ulikuwa katika darasa langu la kwanza. Nilikushika kucha moja moja mpaka ukajua kuhesabu."

"Shikamoo, Mwalimu," Korongo akainama kwa adabu. "Nakukumbuka sana. Ila kumbukumbu yangu haina muhuri."

Baraza likacheka. Mfalme akakunjua mkia wake, akasema ualimu ni wito, na malipo ya wito yako mbinguni.

"Na mabawa anayo," Kunguru akadakia. Wakacheka tena, midomo imejaa mtama.

Mnana akangoja kicheko kiishe, kama alivyozoea kungoja darasani. Mfalme akamuuliza, kwa sauti ya kubembeleza sasa, kama kesho atafundisha. Maana kinda wake bado hajui hata tatu.

"Nitafundisha, Mtukufu. Mwezi mmoja unanitosha. Nakuahidi mbele ya baraza lako: hakuna kinda wa Unyoya, hata huyo wako, atakayetoka darasani kwangu kabla hajaweza kuhesabu miaka uliyokalia kiti hicho, na vibaba ulivyokula."