Orso Chini ya Unyayo wa Malaika

Nuto alikuwa anamalizia kuchora ukutani meno ya mtu aliye motoni aliposikia ngazi ya jukwaa ikilia. Uzito ule kijijini ulikuwa wa mtu mmoja tu: Orso mhunzi, aliyempasua kichwa Lapo, mdogo wake Nuto, akamuua kwenye karamu ya mavuno. Bwana wa ngome alimwachia, maana farasi wake walitaka viatu.

"Karibu jirani. Umekuja kujitazama?"

Ukuta mzima wa kanisa ulikuwa Siku ya Hukumu. Chini kabisa, shavu limekanyagwa na Malaika Mikaeli, alikuwa Orso, mpaka kovu la pua.

"Nitoe humo."

"Si una miguu? Toka mwenyewe."

Kofi likamrusha Nuto kwenye ndoo ya chokaa. Orso akainua kiganja afute, kikasita. Lipu iliyobeba rangi ilikuwa bado mbichi, ingetoka kama jibini, lakini na unyayo wa malaika ungetoka nayo; na kijiji hiki kiliwahi kumpiga mtu mawe hadi kufa kwa kutemea mate mlango wa kanisa hili la Mikaeli. Kazi ile ilitaka mkono wa fundi.

Akaubana mkono wa kushoto wa Nuto juu ya ubao, akashusha nyundo. Kidole cha mwisho kikawa uji.

"Taratibu, Orso!" Nuto alilia na kucheka pamoja. "Hiyo si kwato!"

Cha pili. Cha tatu.

"Utanitoa?"

"Nitakutoa. Ngoja kizunguzungu kipite. Kisu kimeanguka, niokotee."

Orso akashuka, akatafuta, akapanda akihema. Nuto alikuwa anaitazama lipu ikipauka. Iliyopakwa alfajiri hukauka adhuhuri, na ikikauka imeimeza rangi; haitoki ila kwa kubomoa ukuta.

Kengele ya adhuhuri ikalia. Nuto akakwangua lile shavu la ukutani. Kisu kikateleza.

"Basi tena, jirani. Umeshahamia."

Orso akauvunja mkono wa kulia wote, kuanzia vidole hadi kiwiko. Alipochoka ndipo akakumbuka kwamba ng'ambo hii ya milima hapakuwa na fundi mwingine wa kupaka lipu mpya juu ya ile na kuchora upya.

Jumapili, Nuto alikaa mbele, mikono imefungwa matambara, mjane wa Lapo kando yake.

"Pua umeikosea," mjane akanong'ona.

"Nilikuwa na haraka, shemeji."

Orso akaingia. Watu wakamtazama, wakautazama ukuta, wakasogea mmoja mmoja mpaka benchi likabaki lake peke yake. Akakaa hapo misa nzima, shavu limelalia upande uleule uliokanyagwa ukutani.