Usiku wa Saa Sita Mchana

Mzee Mseti Kisyeri hakuwa na subira na watu wasiojua giza. Kwa maoni yake, Tarime nzima haikuwa na mtu anayelijua giza isipokuwa yeye. Hata watu wa Machochwe, kule Serengeti, ambao simba huwapitia nyuma ya zizi, alidai kwamba wanaliogopa tu, hawalijui. Giza lina kazi yake na vipimo vyake, alisema, na mtu hajifunzi kwa kulala.

Alikuwa na haki kidogo ya kujisifu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwasha taa wa reli katika stesheni ndogo ya Isangwa, huko Usukumani. Kila jioni alitia taa mafuta, akakata tambi, akafuta vioo, akapanda ngazi za nguzo kuweka nyekundu na kijani mahali pake. Alipostaafu alirudi kwao Nyamwaga, mahali ambapo reli watu wanaisikia redioni, akaanza kuijenga Isangwa upya juu ya meza.

Meza ilikuwa na ukubwa wa vitanda viwili. Injini aliitengeneza kwa bati na mota ya gari la kuchezea, na reli alizifua kwa waya wa uzio. Lakini treni haikuwa shida yake. Treni, alisema, hata mjinga anaweza kuisukuma. Shida yake ilikuwa usiku. Alitaka mtu akiitazama meza ile gizani aione Isangwa kama ilivyokuwa mwaka 1994, taa kwa taa.

Mkewe, Veronika, aliyekuwa na migomba ya kuangalia na ng'ombe wa kukamua, alimwona kila mchana akitundika mablanketi madirishani na kujifungia.

"Watu wanasubiri jua lizame," alimwambia. "Wewe unalizamisha saa nne asubuhi."

Mseti alitundika blanketi la mwisho. Mwanamke aliyeolewa na mwasha taa miaka yote hiyo na bado hajui tofauti ya mwanga wa chemli na wa tochi, utamwambia nini?

Sasa parokia ilikuwa na jubilei, na paroko alitaka kila mwenye kazi ya mikono ailete ukumbini. Walikuwepo wafuma vikapu, wahunzi, na mama mmoja aliyeshona ramani ya mkoa kwa vitambaa. Mseti alipewa chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho kilichoweza kutiwa giza kwa mablanketi yake. Ili kumsaidia aliletewa Vedasto, mtoto wa kaka yake, fundi umeme wa Sirari, kijana wa maneno mengi na kisanduku kilichojaa taa.

Vedasto alizunguka meza mara moja, akakunja uso.

"Baba mdogo, kazi nzuri, lakini haionekani. Ngoja nikuwekee hizi." Akatoa vitaa vyeupe, akaunganisha viwili na betri ya pikipiki. Ofisi ya stesheni ikang'aa mpaka mwanga ukapenya kuta zake za boksi kwenye kila kona.

Mseti aliitazama kama mtu aliyeletewa ugali mbichi.

"Umejenga stesheni au wodi ya upasuaji?" akauliza. "Tangu lini chemli ikatoa mwanga mweupe? Na tangu lini ukuta wa matofali ukavuja mwanga?"

"Si watu waone?"

"Waone nini, mura? Wakitaka kuona waende nje, jua lipo la bure." Akaing'oa taa. "Mwanga wa mafuta ya taa ni kama chai ya rangi. Kila kitaa hapa nimekipaka rangi ya kucha ya shangazi yako mara tatu, na dirisha nimeliziba kwa karatasi niliyoiloweka kwenye majani ya chai. Kuta nimezipaka masizi kwa ndani. Usiku hautengenezwi kwa kuongeza taa. Unatengenezwa kwa kuzipunguza mpaka ubaki na zile tu zilizokuwepo."

Vedasto hakukata tamaa upesi. Alikuwa na taa ya bluu ya kutundika darini, iwe mbalamwezi.

"Wewe umewahi kuona mwezi wa bluu?"

"Kwenye video unakuwa wa bluu."

"Basi kaolee kwenye video," alisema Mseti, na vijana wawili waliokuwa wanabeba viti wakacheka hadi Vedasto akarudisha taa yake ya bluu kisandukuni. Mseti aliufurahia mno ushindi huo. Watu walipoanza kuingia kwa makundi alizima taa ya chumba, akawasha meza, na kabla hawajauliza lolote aliwapa onyo lake.

"Hapa hakuna urembo. Mkiona taa moja ambayo haikuwepo, au mkakosa moja iliyokuwepo, niambieni nivunje meza nzima mbele yenu."

Macho ya watu yakazoea giza, na Isangwa ikajitokeza polepole. Dirisha la ofisi lilikuwa na rangi ya asali. Moto wa kuni wa mlinzi ulichezacheza. Kijani kilikuwa juu ya nguzo, na mbali kidogo, pale njia ya pili ya reli inapochepuka, kulikuwa na taa ndogo nyekundu karibu na ardhi. Waliguna kwa kustaajabu, na Mseti aliipokea miguno hiyo kama haki yake.

Ile taa nyekundu ndiyo pekee ambayo hakuwa anaieleza. Nyingine zote aliwapigia watu domo mpaka wakachoka, lakini akifika hapo alisema tu, "Na hii ni ya njia ya pili," akapita.

Taa ile ilikuwa na kazi moja. Mabehewa yakitakiwa kuingia njia ya pili, nyekundu inaonekana. Wafanyakazi wa Isangwa walikuwa na mazoea yao, ambayo hayakuandikwa kwenye kitabu chochote: kama huoni nyekundu, njia ya pili iko salama, fanya kazi yako. Usiku mmoja wa mwaka 1994 Otieno, mfunga mabehewa, hakuona nyekundu. Aliinama katikati ya reli za njia ya pili kutengeneza mnyororo, na mabehewa ya pamba yakamjia kwa nyuma.

Taa haikuwa imewashwa. Mafuta yake Mseti alikuwa ameyamimina kwenye karabai barazani kwake, akicheza karata na wenzake wawili, ambao sasa wote ni marehemu. Watu walipombeba Otieno kumpeleka ofisini, Mseti alibaki nyuma na kopo la mafuta. Mkuu wa stesheni alipokuja na tochi kukagua, nyekundu ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Barua ikatoka: uzembe wa marehemu mwenyewe. Wengine wakaongeza na pombe, ingawa Otieno alikuwa Msabato na hakuwahi kuionja. Mseti aliapa mbele ya kamati, na tangu hapo hakuwahi kumwambia mtu, hata Veronika.

Kwa hiyo ilipofika saa sita na Veronika akaingia akiwa amemshika mkono mama mmoja mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, Mseti alikatiza maelezo yake katikati.

"Unamkumbuka shemeji yako Akech, mjane wa Otieno?" alisema Veronika kwa furaha. "Nimemkuta mnadani Nyarero, anauza dagaa. Nikamwambia njoo uone Isangwa yetu. Kaletwa kwa pikipiki na mwanawe Olima, yuko nje, hataki kuingia."

"Shikamoo, mama," alisema Vedasto.

"Marahaba."

"Karibu, shemeji," alisema Mseti. Sauti yake haikuwa ile ya onyo.

Akech alisogea mpaka tumbo likagusa ukingo wa meza. Hakuguna wala hakustaajabu. Alianza kutafuta, nyumba kwa nyumba, kama mtu aliyeagizwa kitu. Akaonyesha kwa kidole kibanda kimoja katika safu ya nyumba za wafanyakazi.

"Hapa palikuwa petu."

"Ndipo," alisema Mseti.

"Nilikuwa nimezima taa, mtoto amelala. Umepaweka giza. Ni kweli." Kidole kikahama nyumba tatu. "Na hapa palikuwa penu."

"Ndiyo."

"Mbona barazani pana giza? Usiku ule palikuwa na karabai."

Chumba kilikuwa na watu kama ishirini. Mseti alijikohoza. "Miaka thelathini, shemeji. Kumbukumbu zinachanganya."

"Zingine zinachanganya," alisema Akech. "Hiyo hapana. Niliposikia kelele nilitoka bila viatu, na mwanga ulikuwa mmoja tu, mweupe, wa barazani kwenu. Nikaukimbilia. Nikakuta karata mezani na viti vimeanguka. Hapakuwa na mtu."

Vedasto, aliyekuwa amechekwa asubuhi nzima, sasa aliona nafasi ya kumtetea mzee wake. "Mama, utakuwa umesahau. Baba mdogo hakosei hata taa moja. Amesema mwenyewe, ikikosekana moja anavunja meza."

Mseti alitamani kumziba mdomo kwa gunia.

Akech hakumtazama Vedasto. Kidole chake kilikuwa kinafuata reli, taratibu, mpaka kikasimama juu ya ile taa nyekundu, na ncha ya ukucha wake ikapata wekundu.

"Kutoka kwenu mpaka hapa nilitambaa," alisema. "Nilishika reli kwa mikono miwili nisipotee, maana mbele palikuwa peusi tii. Nilimpata wuon Olima, mume wangu, kwa kupapasa. Nilijua ni yeye kwa kiraka cha suruali nilichokishona mwenyewe. Taa hii ingekuwa inawaka, ningepapasa nini?"

Veronika alikuwa ameuachia mkono wa mgeni na sasa alikuwa anamtazama mumewe.

"Niliiambia kamati. Wewe ulisimama ukawaambia mtu anayelia haoni taa. Wakacheka, wakaandika." Akech akainua uso. Macho yake yalikuwa makavu. "Leo silii, shemeji. Niambie, hii ilikuwa inawaka?"

Mseti alikuwa na majibu, na yote yalimjia kwa mpigo. Angeweza kusema mama huyu amezeeka. Angeweza kusema betri inaisha, njooni baadaye. Lakini aliitazama meza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuijenga alipata aibu nayo. Alikuwa ameshinda na rangi ya kucha na majani ya chai mwaka mzima, amemdharau kijana wa watu kwa ajili ya taa ya bluu, na katika usiku wake wote uliopimwa kulikuwa na uongo mmoja, umewekwa katikati, tena umepakwa vizuri kuliko vyote. Vedasto angalau alidanganya ili watu waone. Yeye alidanganya ili wasione. Alijidharau kuliko alivyowahi kumdharau mtu.

Akainama chini ya meza, akaupapasa waya, akauvuta. Nyekundu ikazimika. Njia ya pili ikaingia gizani pamoja na kila kitu kilichokuwa hapo.

"Vedasto," alisema. "Lete ile taa yako nyeupe."

"Ipi, baba mdogo?"

"Ile niliyoing'oa."

Vedasto alimpa. Mikono ya Mseti ilikuwa mikono ya fundi, na haikuchukua muda kuunganisha. Akakiweka kitaa kile juu ya baraza ya nyumba yake mwenyewe bila kukipaka chochote. Mwanga wake ukawa mweupe na mkali, ukaenea mpaka kwenye nyumba za jirani, na ukafia hatua chache kabla ya kuifikia reli. Karabai ndivyo inavyowaka. Kila mtu aliyekuwa chumbani, hata asiyejua reli ni nini, aliweza kuona mafuta yalikokwenda.

Veronika alikaa kwenye kiti cha karibu. "Nilikuwa ndani siku ile," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyewapikia chai."

Akech aliutazama ule usiku, taa kwa taa. Kisha akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Ondoeni hayo mablanketi," alisema.

Vedasto alimtazama mzee wake kusubiri ruhusa, hakuipata wala hakukatazwa, akaanza kuyang'oa. Jua la saa sita likaingia kwa madirisha yote. Isangwa ikawa maboksi, masizi na gundi, na vitaa vyake vikawa havionekani kama vinawaka au vimezima. Mseti akabaki amesimama nyuma ya meza mbele ya watu, mzee wa miaka sabini na moja mwenye rangi ya kucha vidoleni.

"Taa ya njia ya pili haikuwa inawaka," alisema. "Mafuta yake nilikuwa nimeyatia kwenye karabai yangu. Niliiwasha baadaye, Otieno akiwa ameshakufa. Hakuwa mzembe, na hakuwa amelewa."

Akech alikuwa ameshageuka, amefika mlangoni, anaita kwa Kijaluo. Nje mtu alizima injini ya pikipiki.

"Anza upya," alimwambia Mseti bila kugeuza kichwa. "Mwanangu ndiyo kwanza anaingia."