Ushindi wa Kupangiwa

Picha yenyewe ndiyo iliyomkera kwanza. Bi Mwanaesha binti Aidarus aliiona akiwa ndani ya tuktuk, anarudi Mji wa Kale kutoka Makupa alikokwenda kununua kitambaa cha mapazia. Ilikuwa imetundikwa barabarani, pana kama shuka la kitanda: yeye mwenyewe, ameketi mbele ya mlango wa nakshi usio wake, mkono wa hina umeshika farasi, na chini maandishi mekundu: SATARANJI NI YA WATU WOTE.

Uso haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye ubao. Waliopiga picha walikuwa wameulaza vibaya, mraba mweusi umekaa pembeni kuliani kwake, mahali pa mraba mweupe, na mfalme na malkia wamebadilishana viti. Siku ile aliwaambia. Wakamjibu kwamba mwanga unapotea, wataipiga tena baadaye. Hawakuipiga.

Alimpigia simu Faiz, mwenyekiti wa chama cha sataranji, palepale ndani ya tuktuk.

"Nani atajua, Bi Mwanaesha?" Faiz alicheka kwa upole wake wa siku zote. "Watu wataangalia uso."

"Mtu anayejifunza atajua."

"Hao ni wachache mno. Sisi twataka wengi."

Alikata simu na kuiweka mkobani, na moyo ukabaki unamchemka hadi alipofika nyumbani. Kwa hiyo wengi ndio wa kudanganywa?

Bi Mwanaesha alikuwa muuguzi kwa muda mrefu wa maisha yake, na sataranji aliijulia ukubwani. Aliyemfundisha ni Masha, fundi wa maabara waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, mtu wa Rabai, mpole, mwenye kicheko cha kifuani. Masha alikuwa na ubao mdogo wa kukunja, na wakati wa chakula cha mchana alikuwa akiufungua juu ya meza ya chai. Mwanzoni Mwanaesha alikuwa akimtoa malkia mapema, amtume huku na huku kama mtu anayetafuta ugomvi, na Masha alikuwa akimla taratibu bila kusema neno. Alishindwa kwa miezi. Lakini alikuwa na tabia moja: kila alipofungwa, alimzuia Masha asizipange kete upya. "Ngoja," angesema. "Nataka kujua niliharibu wapi."

Alipostaafu alikuwa na wakati. Binti yake Yumna, anayefundisha shule ya chekechea, alimwekea mchezo kwenye simu, na Mwanaesha akawa anacheza na watu asiowajua wa nchi asizozijua, miwani puani, viazi vikiungua jikoni. Alijifunza kumaliza mchezo kwa mfalme na askari mmoja tu, jambo ambalo wachezaji wengi wa chama walikuwa hawana subira nalo. Wako jamaa waliomsema, kwamba mwanamke wa rika lake angekaa na tasbihi yake atulie. Yeye alikuwa na tasbihi, na alikuwa na sataranji pia, na hakuona kimoja kinamzuia mwenzake. Mwaka uliopita alikuwa mshindi wa tatu katika mashindano ya kisiwa kizima. Ndipo Faiz alipomgundua.

Tangu hapo akawa hapumziki. Redioni, shuleni, kwenye hafla za harusi hata, Faiz alimtembeza. Mwanaesha alikubali kwa sababu aliamini kazi ile. Alikuwa ameona wasichana wa Tudor wakiinamia ubao mpaka wakasahau simu zao. Alitaka mchezo ule uenee, utoke katika vyumba vya watu wachache, uchezwe vibarazani kama karata. Kama uso wake ungesaidia, basi na usaidie.

Siku mbili kabla ya tamasha kubwa la chama, Masha alikuja nyumbani baada ya alasiri. Alikuwa sasa katibu wa chama. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaletewa kahawa na kaimati, asile. Mwanaesha akajua pana jambo.

"Masha, ndugu yangu, wewe hukatai kaimati. Sema."

Masha alikizungusha kikombe. "Ule mchezo wako na Bwana Abdulghafur. Wa kufungulia tamasha."

Abdulghafur alikuwa tajiri wa saruji, naye ndiye mfadhili. Watu walisema anautaka uongozi wa kisiasa, uchaguzi ukija.

"Una nini?"

"Ameahidi mbao na kete kwa shule zote za msingi za kisiwani. Zote, dada. Zimeshafika, ziko ghalani kwake." Masha alikohoa. "Faiz anasema ingekuwa vizuri kama Bwana Abdulghafur... kama asingeaibika mbele ya watu."

Mwanaesha alikuwa ameshika buli. Aliliweka chini.

"Waniambia nishindwe kusudi?"

"Ni maonyesho tu. Si mashindano. Hakuna rekodi."

"Sikukuuliza rekodi. Nimekuuliza kama waniambia nishindwe kusudi."

"Nakuambia ufikirie watoto."

Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli. Lingelitoka kwa Faiz mwenyewe neno lile, angelicheka tu amfukuze. Lakini Masha! Masha aliyemla malkia wake siku baada ya siku, asimwonee huruma hata mara moja, na alipomwomba amwachie japo mchezo mmoja alimwambia kwamba kumwachia ni kumdharau.

"Watoto," alisema. "Mtawapelekea mbao, muwaambie huu ni mchezo usio na hila, kila kitu kiko mezani mbele ya macho yako. Na mbao zenyewe mmezipata kwa hila! Tena mmemtumia nani? Mmenitumia mimi. Mnanipamba hina, mnanitundika juu ya nguzo, nikifika kucheza mwaniambia nisicheze!"

"Bi Mwanaesha..."

"Nenda kamwambie Faiz nitakuja. Nitakuja kucheza."

Masha alisimama. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema jambo, lakini Yumna alikuwa akiingia kutoka kazini, basi akamsalimia tu na kwenda zake.

Tamasha lilifanyika katika ukumbi mmoja wa Tudor. Watu walijaa kuliko alivyotarajia: wazazi, wanafunzi na sare zao, vijana wa simu, wanawake wa mabuibui na wanawake wa vitenge. Meza moja iliwekwa jukwaani, na juu yake ubao na saa ya kupimia muda wa kila mchezaji. Abdulghafur alimsalimia kwa adabu, akaketi, akavuta mkono wa kanzu. Hakuwa mjinga. Ilikuwa dhahiri amepata mwalimu, na hatua zake za mwanzo alizicheza sawasawa, za kukariri.

Aliyecheza vibaya ni Mwanaesha. Hasira ilikuwa imemkaa machoni. Alipotazama ubao alimwona Faiz, alipomtazama farasi aliona ile picha ya Makupa. Akasukuma haraka, akasukuma tena, na ghafla akaona mkono wa Abdulghafur unanyanyua ngome yake bure, kama mtu anayeokota embe njiani.

Watu wakapiga makofi. Aliinua macho akamwona Masha amesimama kando ya jukwaa. Masha alikuwa akimtazama kwa macho ya shukrani, na akamwinamishia kichwa kidogo. Amedhani nimekubali, Mwanaesha alifikiri. Amedhani nimemfanyia yeye.

Kufungwa halikuwa jambo geni kwake, alikuwa amefungwa mara zisizo idadi maishani. Ila kufungwa huku akishukuriwa, hapana. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa buibui, polepole. Akaivaa tena, akautazama ubao kama anavyomtazama mgonjwa aliyeletwa mahututi: si nani aliyemuumiza, bali nini kinapumua bado.

Farasi wake alikuwa anapumua. Na upande wa kushoto alikuwa na askari ambaye njia yake ilikuwa wazi.

Kuanzia hapo alicheza. Abdulghafur alizoea hatua za kukariri, na hatua za kukariri zilikuwa zimekwisha. Alianza kujifuta jasho. Alimpeleka malkia wake mbali kwenda kufuata askari asiye na maana, na Mwanaesha akamtupa farasi katikati, pale alipomtisha mfalme na malkia kwa pamoja. Mfalme akalazimika kukimbia. Malkia akaondoka ubaoni. Katika ukumbi walikuwamo wajuzi wachache, na mmoja wao alisahau adabu akapiga kelele, "Lahaula!"

Yule askari wa kushoto akaanza kutembea. Kila hatua aliyokwenda, Abdulghafur alifikiri kwa muda mrefu, na muda wake kwenye saa ulikuwa ukimalizika. Zilibaki hatua mbili askari afike mwisho wa ubao ageuke malkia. Na hapo Faiz akapanda jukwaani na kipaza sauti mkononi, anatabasamu, akanyoosha kidole akaizima saa.

"Mabibi na mabwana, muda wetu umetubana! Kwa kuwa mgeni wetu wa heshima alitangulia kupata ngome, ushindi wa leo ni wake! Tumpigie makofi!"

Makofi yakapigwa. Muziki ukafunguliwa. Abdulghafur alibaki ameduwaa kidogo, akautazama ubao, na Mwanaesha aliona kwamba anajua. Anajua kabisa. Kisha akainuka, akanyoosha mkono kwa Faiz, wakapigwa picha.

Mwanaesha hakuinuka.

"Mama, twende," Yumna alimnong'oneza kutoka chini ya jukwaa.

"Siendi. Na mtu asiguse kete hizi."

Faiz alimsogelea, tabasamu bado liko palepale. "Bi Mwanaesha, tafadhali, sasa kuna ngoma."

"Hakunishinda," alisema Mwanaesha. Hakuwa na kipaza sauti, lakini miaka ya wodini ilikuwa imempa sauti ya kufika mlangoni. "Jamani! Hakunishinda! Anayejua na aje atazame. Asiyejua na aje aelezwe!"

Muziki ukazimwa, kwa bahati mbaya au kwa udaku wa mwenye mitambo, hakuna aliyejua. Mwanamke mmoja wa kitenge akapanda jukwaani kwanza. Jina lake Loise, mwenye duka la vitabu vya shule Tononoka, na sataranji alikuwa haijui hata kidogo.

"Nieleze mama," alisema. "Huyu mdogo anakwenda wapi?"

"Anakwenda pale. Akifika pale anakuwa malkia."

"Na huyu bwana angemzuiaje?"

"Hebu mzuie wewe. Kaa. Jaribu."

Loise akakaa kwenye kiti cha tajiri, akajaribu. Akashindwa. Mtu mwingine akasema si hivyo, msogeze mfalme, na akajaribu yeye. Wa tatu akawasukuma wote wawili. Jukwaa likajaa watu wanaobishana, wengine wakiuliza farasi huendaje, wengine wakifundisha walichojifunza dakika ile ile, na wale wajuzi wachache wakawa wanapiga kelele kuliko wote. Faiz alisimama pembeni na kipaza sauti chake kama mtu aliyefika harusi isiyo yake. Abdulghafur alikuwa ameshaondoka.

Bi Mwanaesha hakufurahi, ijapokuwa baadaye watu walidhani alifurahi. Alitaka mtu mmoja tu wa chama aseme hadharani kwamba wamefanya vibaya, na hakuna aliyesema. Masha alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, mikono magotini, anatazama sakafu.

Wiki iliyofuata chama kilimtoa, kwa ujumbe mfupi wa simu uliosema "utovu wa nidhamu". Mbao za shule hazikutoka ghalani. Wako waliompigia kumlaumu, wazazi miongoni mwao, na hao aliwajibu kwamba aliyeahidi ni mwenye ghala, waende kwake. Maneno hayo yalikuwa ya haki, lakini usingizi alikuwa haupati.

Loise alimwomba aende Tononoka siku za Jumamosi, akafundishe mbele ya duka lake. Walichora ubao kwenye boksi, wakatumia vifuniko vya soda. Mara ya kwanza walikuja watu watano, mara ya pili watatu. Baadaye wakaanza kuzidi, ila si sana.

Masha alikuja mwezi ulipokwisha. Alikuja nyumbani, wakati ule ule wa baada ya alasiri.

"Nimeuacha ukatibu," alisema kabla hajaketi.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Kwa sababu nilizitaka zile mbao. Hata sasa nazitaka. Mtu akiniuliza kama ningekuomba tena, dada, sijui ningejibu nini. Lakini kuizima saa..." Alitikisa kichwa. "Hilo sikulijua. Na nililiona, nikakaa."

"Ulikaa," alisema Mwanaesha. "Na mimi bado nimekasirika. Usidhani umeleta maneno nikapoa."

"Sidhani."

Akamwita Yumna alete ubao.

Walicheza. Kahawa ikapoa. Masha hakumhurumia, na yeye hakutaka. Mwanaesha alitangulia vizuri, halafu akalegea mahali, na Masha akapenya hapo hapo akamfunga, safi, bila namna ya kujitetea. Yumna aliyekuwa akichungulia akasikitika, lakini mama yake aliunyoosha mkono juu ya ubao kumzuia Masha asizikusanye kete.

"Ngoja," alisema kwa ukali. "Nionyeshe niliharibu wapi."

Masha akavuta kiti karibu, akaanza kuzirudisha kete nyuma, moja baada ya moja.