Gauni Lililogeuzwa

Fundi alipoutoa mfuko uliofunika gauni la harusi, roho ilimruka. Mishono yote ilikuwa nje. Pindo, kwapa, kiuno, kila kitu kilichotakiwa kujificha kilikuwa kimetoka kushangaa dunia, na satini yenyewe, ile iliyong'aa mpaka ukajiona sura, ilikuwa imegeuziwa ndani kama mtoto mtundu aliyeambiwa atazame ukuta.

Hakuuliza ni nani. Dukani walikuwa wawili tu, yeye na binti wa kaka yake, na binti alikuwa amekaa anapanga vifungo, hana hili wala lile.

Binti huyu daktari alisema ana usonji. Fundi akajibu kwamba usonji haujui, ila mkono unaoshona mstari ulionyooka bila chaki anaujua, basi aletwe. Tangu siku hiyo msichana ambaye nyumbani alikuwa hatoki chumbani, akawa anafika dukani kabla ya mwenye funguo. Kazi aliipenda hadi akaisalimia cherehani. Tatizo ni kwamba hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mzee mmoja alilalamika suruali inambana, akaambiwa suruali haina kosa lolote, tumbo ndilo lisilofuata vipimo. Nguo zilizoletwa kupigwa pasi alizing'oa lebo zote, kwa madai kwamba zinauma.

Hayo Fundi aliyameza. Lakini gauni la harusi! Alimpigia kaka yake simu hapo hapo, akamwambia jioni aje kumchukua mtoto wake. Binti alisikia. Mikono ikasimama juu ya vifungo.

"Shangazi," akasema, "naruhusiwa kuimalizia kola ya hii blauzi kwanza?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini muda wa kumezwa haukuwepo, maana bibi harusi alikuwa keshaingia pamoja na mama mkwe wake mtarajiwa, mwanamke ambaye akikosewa, habari huvuka mtaa kabla ya yeye mwenyewe kuvuka barabara.

Mama mkwe aliliona gauni, akakaa bila kuangalia kama nyuma kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo. Fundi alianza kuomba radhi, maneno yakimtoka mbio mbio, ndipo bibi harusi akauliza kwa nini limeshonwa vile.

Binti akajibu bila kuinua macho. "Upande laini nimempa anayevaa. Wanaotazama hawaguswi na gauni."

Bibi harusi akalichukua, akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka hakujitazama kwenye kioo. Alitembea. Akachuchumaa, akainuka, akapunga mikono, mwishowe akapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa na kulala chali, akafumba macho.

Mama mkwe alimwambia ashuke, watu watasemaje. Bibi harusi akasema waseme tu, wao si watakuwa wameketi? Yeye ndiye atakayesimama na hilo gauni kutwa nzima, na havui. Wakabishana kidogo, yeye akiwa bado amelala. Binti akaleta utepe mweupe, akaifunika mishono ile mmoja mmoja, mpaka ikaonekana kama nakshi. Mama mkwe alilizunguka gauni akitafuta pa kulaumu, akapakosa, akaondoka ameudhika. Kwenye ngazi akarudi, akauliza kwa sauti ya chini kama sidiria nazo zinageuzwa.

Fundi alibaki ameshika kichwa. Simu kwa kaka yake ilikuwa imeshapigwa, na kuikana aliona aibu. Binti, ambaye alidhani ndiyo siku yake ya mwisho, alimpa blauzi yenye ile kola aliyokuwa akiimalizia. Alisema ni ya shangazi, kwa sababu ifikapo mchana huwa anajikuna shingo, na akishajikuna hugombana na watu.

Fundi aliivaa nyuma ya pazia ili asimvunje moyo mtoto. Kisha hakutoka. Miaka yote hiyo ameitwa mkorofi, na yeye mwenyewe alikubali kuwa ni mkorofi. Sasa alisimama pale mabega yakishuka yenyewe, hakuna kinachomkwaruza popote, na machozi yakaanza kumtoka kama mjinga.

Kaka yake akaingia na begi la kubebea vitu vya binti. Akaanza kufoka hata kabla ya salamu: joto, foleni, watu wasiojua kutembea. Huku kidole kimoja kikivuta kola ya shati lake.

Fundi alichungulia kwenye pazia, akamtazama kaka yake, akamtazama binti, ambaye tayari alikuwa ameikodolea macho ile kola.

"Vua hilo shati, umpe mwanao," akasema. "Na hilo begi rudi nalo nyumbani."