Nilivyoandikwa Shekiondo

Ndoto ya jana ilinikuta nimeshaondoka. Sanduku la bati kichwani, natembea chini ya bahari kuelekea stendi, na nguo kavu. Nilikuwa nimeacha kazi kituo cha utafiti. Nimeshaacha kazi nyingi, katani, chumvi, reli, hata ukinyozi, kwa hiyo miguu yangu haihitaji kuelekezwa.

Kituoni nazama na kibao cha plastiki na penseli, naandika mambo ya samaki. Dakta Rukonge anataka kujua samaki wa matumbawe wanaonaje na wanatambuanaje. Wiki iliyopita alinionyesha wawili wa manjano, Namba Saba na Namba Nane, akaniuliza nyuso zao zina tofauti gani. Nikaandika: hakuna tofauti.

"Safi sana, Mzee Pazi," akasema. Yeye mwenyewe hakutazama.

Basi, mbele yangu mwamba una geti. Getini amekaa Namba Saba, kalamu sikioni, ingawa sikio hana.

"Wapi, babu?"

"Kwetu, Kisarawe."

"Huendi. Tangu uandike, mimi na huyu tumekuwa mmoja. Nyumba moja, mume mmoja, mswaki mmoja."

"Na mswaki wenyewe wangu," akasema Namba Nane kutoka ndani.

"Kelele, wewe mwanamke!"

Nikataka kusema pole, lakini geti limeshakuwa chumba cha mtihani. Nimo ndani ya tangi la kioo. Maji yako nje, samaki wako nje, wamevaa makoti meupe. Tangi la pili yumo Dakta Rukonge. Anagusa kibao chekundu kwa pua, kinadondoka kipande cha chapati, anakula, anagusa tena.

"Dakta, tutoke humu!"

"Nyamaza, Mzee Pazi. Naanza kuelewa."

Tangi la tatu yumo Shekiondo, mwenzangu wa kuzama. Tunalala chumba kimoja. Anakoroma, na miguu yake ina fangasi wa tangu enzi za baba yake.

Namba Nane anabisha kioo. "Sheria ni yako, babu. Tutazame. Ukitutofautisha, nenda zako. Ukishindwa, tunakupima kwa kipimo chako: wewe na Shekiondo mnaandikwa mtu mmoja."

Nikamtazama Shekiondo. Nikatazama miguu yake. Nikageuka haraka kuwatazama samaki.

Manjano. Na manjano.

"Huna hata haya?" anasema Namba Saba. "Uso wangu una maua, toka shavuni mpaka jichoni. Wake una mistari kama mkeka uliofumuka."

"Maua ya rangi gani?"

Wakatazamana. Mara ya kwanza nikawaona wamepatana.

"Maskini, rangi yenyewe hana," akasema Namba Nane. "Macho yake hayafiki huko. Babu, sisi hatuna ugomvi na macho yako. Sema tu huoni. Neno moja, 'sioni', tunafuta kila kitu, tunakufungulia geti."

Neno lilikuwa jepesi. Lakini Dakta alikuwa ameacha kula, ananitazama, chapati imening'inia mdomoni. Na mimi nina miaka sitini na nane, sijapata kumwambia mtu mwenye vyeti kwamba kuna kitu nisichokiona.

"Hakuna tofauti," nikasema.

Dakta akapiga makofi. Namba Saba akachukua kalamu sikioni, akaandika. Shekiondo akajikuna mguu, na mimi nikasikia raha.

Nikaamka, jua limeshatoka. Nikanawa uso, nikaenda jikoni kwa Bi Sikudhani, mpishi wa kituo, kuchukua chapati yangu.

"Umerudi tena?" akasema. "Si umekula sasa hivi?"

"Nani?"

"Wewe, Mzee Pazi. Umekaa hapo hapo, ukajikuna mguu, ukasema, 'Ahsante Bi Siku, leo laini.'" Akafunika sufuria.

Dakta Rukonge amepeleka ripoti mjini. Ukurasa wa tatu umeandikwa hakuna tofauti. Namba Saba na Namba Nane wako kwenye tundu moja, wanaumana mapezi. Shekiondo yuko kitandani, ameshiba, anakoroma.

Mimi sijala. Na mguu unawasha.