Marehemu Mpiga Fujara

Blažej Hronček alizaliwa mlimani Poľana, mtoto wa mchungaji wa kondoo. Alichorithi kwa baba yake ni fujara moja, filimbi ndefu kuliko kimo chake mwenyewe, yenye matundu matatu tu huko chini. Mpigaji wake huisimamisha mbele yake kama mtu aliyeshikilia nguzo, na sauti inayotoka humo ni nzito, yenye upepo ndani yake. Wachungaji waliipiga wakiwa peke yao malishoni, na hawakuwa wakimpigia mtu.

Dalibor alimsikia kwenye harusi. Siku hizo Dalibor alikuwa kijana mwenye nywele za mabegani na gitaa la umeme lililonguruma kama trekta, na alikuwa akitafuta kitu cha kulitia gitaa lile adabu. Akamfuata Blažej uani. "Kaka, hiyo nguzo yako ikikutana na gitaa langu, ama tutapendwa ama tutapigwa mawe." Mwimbaji wakampata bonde la pili. Aliitwa Emerencia, na kuimba alijifunza kwenye mavuno ya majani makavu ya mifugo, wanawake wanapoyakusanya kwa reki na kuimba kwa nguvu ili wenzao wa mlima wa pili wasikie na kuitikia. Bendi wakaiita Kosodrevina, jina la ule msonobari mfupi unaotambaa juu kabisa, pasipoota mti mwingine.

Siku ya kwanza, katika ukumbi wa kijiji, wazee walitoka nje wakitema mate. Wimbo wa majambazi wa msituni kuupigia ngoma za disko! Lakini vijana walibaki, na mwaka uliofuata wazee nao walirudi, wakasimama karibu na mlango.

Emerencia hakudumu. Dalibor alimtaka aimbe taratibu, mdomo karibu na kipaza sauti, kama waimbaji wa redioni. "Mimi sijui kunong'ona," alimwambia. "Mtu akinong'ona malishoni, ng'ambo watadhani amekufa." Akavaa koti lake akaenda zake. Blažej alitaka kusema neno siku ile, akalimeza.

Yeye alibaki miaka mingi. Akazeeka ndani ya bendi, akamzika mkewe Hermína, na binti yake Slávka akahamia Ireland. Bendi nayo ikakua, ikaanza kuitwa nchi za mbali, na hapo ndipo fujara ilipoanza kuwa mzigo. Kukiwa na baridi, sauti yake hushuka; jua likiwaka, hupanda; na magitaa yote yangoje. Kwenye ndege haikuingia pasipo ugomvi.

Siku moja ya majira ya baridi Dalibor alikuja nyumbani kwake, akaketi jikoni, akakizungusha mezani kijiglasi chake cha pombe kali ya plamu bila kunywa.

"Kaka, usinielewe vibaya."

"Sema tu."

"Tunayo ile sauti uliyorekodi. Nzuri, safi, haipandi wala haishuki. Tukiiweka kwenye mashine, kijana wa kinanda anabonyeza, inatoka. Wewe unapumzika. Jina lako linabaki palepale."

Blažej alitazama dirishani. Moyoni alikuwa akimngoja Dalibor acheke, aseme ni mzaha, au angalau aseme tutakukosa. Dalibor hakusema.

"Unataka ruhusa yangu?"

"Nataka useme ni sawa."

"Basi ni sawa."

"Kweli?"

"Nimesema ni sawa, Dalibor. Kunywa pombe yako."

Dalibor alikunywa, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akaondoka. Blažej akaosha glasi zote mbili, akaipandisha fujara darini, na baridi ile yote hakupanda tena huko. Alichanja kuni, alisikiliza redio, na mchana mwingine ulipita akigundua kwamba hajafungua kinywa tangu asubuhi.

Mwezi wa Julai Kosodrevina ilikuja kupiga kwenye uwanja wa wazi wa mji ulio bondeni. Blažej alijiambia haendi. Ilipofika alasiri akavaa kofia yake na shati jeupe, akapanda basi. Hakuwaarifu wenzake. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, na mama mmoja aliyekuwa pembeni yake akamsogezea kikapu.

"Karibu cheri, baba. Za shambani kwangu."

"Ahsante."

Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Bendi ilipiga vizuri, hilo alilikiri, na vijana waliruka mpaka vumbi likatimka. Kisha Dalibor, ambaye sasa alikuwa na nywele chache zenye mvi alizozifunga nyuma, alisogea kwenye kipaza sauti akanyamazisha gitaa kwa kiganja.

"Wimbo huu tuliletewa na Blažej Hronček," alisema. "Blažej hayupo nasi tena. Lakini pumzi yake tunayo."

Mzee mmoja wa mbele alivua kofia akasimama. Wa pili akamfuata. Mstari baada ya mstari watu waliinuka, kimya, mpaka uwanja mzima ukawa umesimama. Dalibor alipowaona akainamisha kichwa. Pengine alidhani wanamheshimu tu mzee aliyestaafu. Blažej naye alisimama, maana mtu huwezi kukaa wenzako wamesimama. Yule mama akamgusa kiwiko.

"Kofia, baba."

Akavua kofia.

Ndipo sauti ikatoka. Kwanza ile pumzi ya kuvuta, ambayo aliijua kama mtu anavyojua hatua za miguu yake kwenye ngazi, halafu fujara ikafunguka kwa mlipuko na kuteremka. Jukwaani hakuna aliyeweka kitu mdomoni. Kijana wa kinanda alikuwa na kidole kimoja kwenye kitufe, na mkono wa pili anajikuna shingo.

Blažej alikumbuka siku ya kurekodi. Hermína alikuwa ameketi pembeni amevaa koti, kwa kuwa chumba kile hakikuwa na moto, na katikati ya wimbo alishindwa akakohoa. Kile kikohozi walikikata. Fundi wa sauti alisema hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na mtu. Sasa Blažej, kofia mkononi, alitega sikio mahali palepale, ingawa alijua hapana kitu. Wimbo ulipita, laini, bila mkunjo wowote.

"Ulimfahamu, marehemu?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kidogo."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Blažej alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Alikuwa anakubali mambo upesi," alisema.

"Wema ndio walivyo," mama akajibu, akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Angeweza kusema, mama, ni mimi. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kumlilia, na watu wote wale wamekwisha kusimama, angewaketishaje? Akashukuru kwa cheri, akapita nyuma ya mabenchi, akaenda kungoja basi.

Nyumbani alimpigia binti yake simu.

"Slávka, ukisikia watu wanasema nimekufa, sijafa."

"Nani anasema?"

"Watu tu."

"Baba, niko kazini. Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi nitakupigia Jumapili. Kula vizuri, sawa?"

"Sawa."

Kijijini kwake kila mtu alijua yu hai, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Na waliodhani amekufa, wao wangemjia nani? Alikaa siku hizo akiwaza kwamba mtu aliyekufa na mtu aliyesahaulika hupata wageni walewale.

Siku moja asubuhi alikuwa uani anapanga kuni, akasikia lango linalia. Aliingia mwanamke mzee aliyevaa nyeusi toka kichwani hadi viatuni, amebeba shada la matawi ya msonobari. Alisimama ghafla. Blažej alimtambua kwa jinsi alivyoweka mkono kiunoni.

"Emerencia."

"Kwa hiyo uko hai," alisema Emerencia.

"Naona hivyo."

"Na mimi nimepanda mabasi mawili nakulilia, mjinga wewe. Dereva amenipa na kitambaa cha pua." Alimsukumia lile shada kifuani. "Shika. Ni lako, nitalirudisha wapi?"

Blažej alilipokea, akawa hajui aliweke wapi. Mwishoni akalitundika kwenye msumari wa mlango wa banda. Emerencia alilitazama, mabega yakaanza kumtikisika, naye Blažej akashikwa na kicheko kilichomuumiza mbavu kwa kutozoea.

Alimpikia matonge madogo ya viazi, akayachanganya na jibini ya kondoo na mafuta ya nyama. Emerencia alikula bila haraka.

"Umezidisha chumvi," alisema. "Hermína asingeipitisha hii."

"Asingeipitisha."

Ulikuwa muda mrefu jina hilo halijatajwa ndani ya nyumba ile na mtu mwingine. Blažej aliinuka, akajifanya anaongeza kuni jikoni.

"Siku ile ya kipaza sauti," alisema akiwa amempa mgongo, "ningekutetea."

"Ungenitetea, ndiyo. Hukunitetea. Yameshapita hayo. Iko wapi fujara?"

Aliiteremsha kutoka darini. Ilikuwa imekauka, na mlipuko wa kwanza ulitoka umepasuka kama sauti ya mtu aliyeamshwa. Alijaribu tena. Sauti ya tatu ikasimama imara. Emerencia hakumngojea amalize. Alikaa wima kitini, akafumba macho, akaitikia kwa sauti yake yote, ile ya kuvusha bonde, mle mle jikoni. Vioo vya dirisha vikatetema. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Sauti ilikuwa imezeeka, imepata ufa katikati, lakini haikunong'ona. Waliimba mpaka saa ya basi ikawakaribia.

"Kwetu tuko wanawake wanne," alimwambia kituoni. "Jumapili tunaimba nyumbani kwangu, hakuna wa kutusikiliza. Mpigaji wetu alikufa. Yule alikufa kweli."

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Njoo."

Kesho yake Dalibor akapiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Kaka, nimeaibika sana. Sikumaanisha vile, nilimaanisha haupo kwenye bendi. Sikiliza: tunapiga mjini Zvolen mwezi ujao. Njoo upande jukwaani, watu wakuone. Watalia kwa furaha."

"Nije nifanye nini?"

"Upande tu. Uwapungie mkono."

"Na fujara?"

"Fujara iko kwenye mashine, kaka. Tumeshaipanga iende sambamba na taa za jukwaa."

"Basi waache wajue walichokijua," alisema Blažej. Hakusema kwa hasira. Alimuuliza hali ya mke wake, akamtakia safari njema, akakata simu. Kisha akakaa na mikono magotini muda mrefu, maana Dalibor ndiye aliyekuwa rafiki yake, na hakuwa na mwingine wa kuweka mahali pake.

Jumapili akaenda kwa Emerencia. Alilaza fujara juu ya viti vya basi, dereva akalalamika kwamba nguzo nayo ikate tiketi. Wenzake Emerencia walimpima kwa macho, wakamwekea kiti karibu na jiko, wakaanza bila kumwuliza kama yuko tayari. Alikosea mara nyingi. Hawakusimama kumngoja, aliwakamata njiani. Akaenda tena, na tena, majani yakaanguka, na baadhi ya siku hizo alirudi nyumbani na mdomo umechoka kwa kupiga na kwa kuongea.

Lakini Jumapili ni moja tu katika wiki, na mlima una baridi ndefu. Desemba theluji ilifunga barabara na basi halikupita. Blažej alishuka hadi kituoni akiwa na fujara, akasimama, akarudi. Jikoni akaisimamisha mbele yake akapiga ubeti wa kwanza, ukatoka vizuri kuliko siku nyingi. Akaondoa mdomo na kungoja pale ambapo wanawake huitikia. Maji yalikuwa yakichemka kwenye sufuria. Aliwapa muda wao wote, hadi mwisho wa mstari, kisha akavuta pumzi akapiga ubeti wa pili.