Maikrofoni ya Kabibi

Mwaro, mwalimu wa kwaya mjini Garsen, alitaka rekodi mbili ili achague kiongozi wa wimbo wa harusi. Kabibi alikuwa ameongoza kwa miaka sita. Zipporah alihamia hapo kutoka Hewani mwezi uliopita, na tayari watu walimsifu kupita kiasi.

Walirekodi kwenye kompyuta ya Kabibi. Sauti ya Zipporah ilitoka ikikwaruza.

“Dada, mbona nasikika kama redio mbovu?”

“Rudia,” Kabibi alisema. Kwa siri alishusha kiwango cha maikrofoni kutoka tisini hadi ishirini, ili mwenzake asisikike kabisa.

Zipporah aliimba tena. Kila neno lilitoka safi.

“Umeitengeneza! Kwetu tunamwita kwa sauti mwenye mtumbwi akiwa ng'ambo ya mto. Kumbe niliizidi nguvu mashine yako. Haya, zamu yako, usiguse kitu.”

Kabibi aliimba kwa nguvu zake zote. Rekodi ilitoa mnong'ono tu.

Zipporah alinyoosha mkono, akapandisha kiwango hadi tisini.

“Yako ni sauti ya chumbani, dada. Inataka kusaidiwa kidogo.”

Kabibi alitabasamu kwa shida. Harusi ingefanyika uwanjani, bila maikrofoni.